Darasa Lililomsomea Mwalimu

Jumatatu, 28 Aprili

Muhula wa pili umefunguliwa leo, na mvua nayo imefungua wake. Dkt. Wandera, msimamizi wangu chuoni, anataka niwe na daftari la utafiti: tarehe, saa, kipindi, nilichokiona. Hilo nimelinunua, lina jalada gumu la buluu. Hili ni jingine, na si lake. Humu nitaandika yale ambayo fomu haikuyatengea nafasi.

Nimefundisha miaka kumi na minne, na sasa niko na Gredi ya Tano, shule ya msingi hapa karibu na Otonglo, Kisumu. Huu ni mwaka wangu wa pili wa uzamili wa elimu. Swali la tasnifu yangu ni jepesi kulitamka: kwa nini watoto wa darasa hili husoma na wa darasa jirani hawasomi, na vitabu ni vilevile? Shule yetu ina mikondo mitatu ya Gredi ya Tatu. Nitakaa nyuma ya kila darasa, vipindi vya Kiswahili, saa ambazo mimi mwenyewe sina kipindi.

Walimu wawili walikubali kwa furaha. Wa tatu ni Mwalimu Zacchaeus Njenga.

"Kwa hivyo unakuja kunipima, Madam," akasema.

"Nakuja kujifunza, Mwalimu."

"Wote husema hivyo."

Aliichukua fomu ya idhini, akaiinua, akaishusha, akatia sahihi. Sahihi imepita juu ya aya ya pili, mbali kabisa na mstari. Hata hakutaka kuisoma. Dharau tupu.

Jumatano, 30 Aprili

Mvua kuanzia saa tisa. Sare za watoto wangu zimeanikwa sebuleni tangu juzi na bado zina unyevu.

Jumatatu, 5 Mei

Kipindi changu cha kwanza nyuma ya darasa la Njenga. Naandika jinsi nilivyoona, bila kuongeza.

Mwalimu ameketi karibu na dirisha. Hashiki chaki. "Leo ni tarehe ngapi, na nani ataiandika?" Msichana mmoja, Mercyline, anakwenda ubaoni. Mercyline huyohuyo ndiye anayeita majina ya rejista, mwalimu anasikiliza tu wanavyoitikia. "Wechuli, hiyo sauti ni ya mafua. Jana ulioga mvua?" Watoto wanacheka. Kisha anakunja mikono na kusema, "Haya, nisomeeni."

Wanamsomea. Wanasoma hadithi, wanasoma maswali, wanasoma hata anwani ya mchapishaji. Mtoto akikosea, Njenga anainua kidole, na mtoto anarudi mwenyewe kulitafuta neno. Kazi ya kuandika wanabadilishana madaftari, kila mmoja anamsomea mwalimu alichoandika mwenzake, naye anasema sawa au rudia. Kalamu nyekundu sikuiona.

Katika fomu: matumizi ya ubao, moja kati ya tano. Kusahihisha, moja kati ya tano. Pale chini penye "maoni ya jumla" niliandika: mwalimu aliyechoka.

Amebakiza miaka mitatu kustaafu. Katika chumba cha walimu wanasema ameshastaafu, ni mwili tu unaokuja kazini.

Ijumaa, 9 Mei

Jambo moja zuri juu ya Njenga, ili nisije nikamdhulumu. Kila asubuhi mkewe, Waithera, humsindikiza mpaka langoni. Huuza viazi na njegere sokoni Otonglo, na bado hupata nafasi ya kumleta. Leo mvua ilianza mapema, wakaja chini ya mwavuli mmoja, amemshika mkono kama wachumba. Walimu vijana waliwapigia vigelegele. Mimi nilimkumbuka Zuhair wangu, ambaye huniacha kwenye kona na pikipiki na kuondoka kabla sijavua helmeti.

Jumatano, 14 Mei

Mvua ya mawe juu ya mabati. Hakuna aliyesikia chochote. Tulikaa tukitazamana hadi saa kumi.

Jumanne, 20 Mei

Matokeo ya jaribio la kusoma. Nimeyahesabu mara tatu kwa kuwa sikuyaamini. Mikondo miwili imekaribiana, si vizuri si vibaya. Darasa la Njenga limeiacha kwa mbali sana. Watoto thelathini na wanane kati ya arobaini na mmoja wanasoma kwa ufasaha.

Nilimpigia Dkt. Wandera. Akasema, "Rehma, wamekariri. Huyo mzee anawakaririsha. Wape kitu ambacho hawajawahi kukiona."

Nami nilidhani hivyohivyo. Nilifurahi hata, Mungu anisamehe. Nilitaka ile moja kati ya tano iwe kweli.

Alhamisi, 22 Mei

Niliandika kifungu mwenyewe, kuhusu mama anayeanika omena, wale dagaa wa ziwani, ufuoni Usenge, mara upepo ukaja ukazifunika omena kwa mchanga. Hakuna mtu aliyewahi kukiona, hata Zuhair.

Walikisoma kama watu wanaopeana habari. Walipofika pale mama anapolia, Mercyline alishusha sauti. Mmoja akauliza, "Kwani hakuwa na turubai?" Hawakukariri. Wanasoma kwa sababu kuna mtu anataka kujua kilichoandikwa.

Ijumaa, 23 Mei

Nataka kuandika polepole.

Baada ya chakula cha mchana nilimpelekea Njenga maswali yaliyofuata kile kifungu, nisikie maoni yake. Alikuwa peke yake darasani. Nilimpa karatasi. Aliishika kwa mikono miwili, akaielekeza dirishani, akatikisa kichwa taratibu.

"Maswali mazuri, Madam. Hilo la tatu ndilo gumu kidogo kwa rika lao, lakini liache."

Nikashukuru, nikaichukua, nikaondoka. Kwenye varanda ndipo nilipoitazama. Nilikuwa nimempa orodha yangu ya sokoni. Unga. Sabuni ya kufulia. La tatu lilikuwa nyanya.

Nilicheka, hatua mbili tatu hivi. Kisha nikasimama.

Sahihi iliyopita juu ya maandishi. Chaki asiyoishika. Mafua ya Wechuli aliyoyajua kwa sauti. Rejista inayosomwa na mtoto. Na mwavuli, ya Rabi. Waithera hamsindikizi mumewe kwa mapenzi tu. Anamwongoza.

Mwalimu Njenga haoni.

Jumatatu, 26 Mei

Sikulala vizuri siku tatu. Nimepata jibu la tasnifu yangu. Darasa lile linasoma kwa sababu mwalimu wake anawahitaji wasome. Wasipomsomea, hajui kilicho ubaoni, hajui nani hayupo, hajui hata tarehe. Watoto wengine husoma ili wapewe alama. Hawa husoma kwa sababu kuna mtu anayewategemea. Ni jambo ambalo msomi anaweza kulitafuta maisha yake yote.

Nikiliandika, nimemfukuzisha kazi mzee wa watu.

Nilimweleza Zuhair. Aliendelea kufuta mafuta vidoleni. Duka lake Kibuye ni la vipuri vya pikipiki na harufu humfuata hadi nyumbani.

"Ile fomu waliyotia sahihi inasema nini?"

"Kwamba nitakachokiona hakitatumiwa kumdhuru aliyeshiriki."

"Nani aliiandika?"

"Mimi."

"Sasa unaniuliza nini, Rehma?"

Jumamosi, 31 Mei

Nilikwenda kwao. Nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko, maua ndani ya makopo ya rangi. Waithera alinipa chai na viazi vitamu, akaketi karibu na mumewe, si karibu nami.

Nilisema, "Mwalimu, nimejua."

Hakuniuliza nimejua nini. Alikiweka kikombe mezani, akiitafuta meza kwanza kwa upande wa kiganja. Nimemtazama akifanya hivyo mwezi mzima, na fomu yangu haikuona.

"Umeandika?"

"Sijaandika."

"Usiandike. Nimebakiza miaka mitatu. Niachie hiyo mitatu."

Ni presha ya macho. Aliambiwa miaka minne iliyopita, akapewa dawa ya matone. Chupa ilipoisha hakurudi kliniki, aliogopa barua ingefika kwa mwajiri. Tangu hapo Waithera humsomea vitabu vya shule kila jioni hadi akavijua.

"Nilisoma mpaka darasa la saba tu," Waithera akaniambia. "Lakini Gredi ya Tatu nimeirudia kuliko mtoto yeyote hapa Kisumu." Alicheka, kisha akajifuta uso kwa leso.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilipandisha sauti. Nilimwambia Njenga kwamba kilichopotea kimepotea ila kilichobaki kinaweza kuokolewa, na kila mwezi anaojificha anauza kipande cha jicho. Nilimuuliza je, moto ukishika darasani? Je, mtoto akianguka?

Alisimama. "Mwalimu Rehma, umekuja nyumbani kwangu kama mgeni. Usiwe mkaguzi."

Waithera alinisindikiza hadi barabarani. Aliniachia mkono polepole sana.

Ijumaa, 6 Juni

Idi. Zuhair alisema, "Pelekea watu wako pilau." Waithera aliipokea mlangoni, akainusa, akanishukuru. Njenga alikuwa ndani. Nilisikia kiti kikisogea, lakini hakutoka.

Jumatano, 11 Juni

Mvua ilinyesha tangu alfajiri. Nikitokea lango la nyuma niliona watoto wamekusanyika lango kuu, nikadhani ni vita.

Waithera ameshikwa na malaria. Njenga alikuja peke yake. Njia anaijua kwa hatua, lakini leo maji yalikuwa yameufunika mtaro kando ya barabara, na mahali alipotarajia udongo hapakuwa na udongo. Alitumbukia hadi kifuani. Watoto wake ndio waliomvuta. Nilimkuta ameketi juu ya jiwe, miwani imepotea, damu kwenye paji la uso, tope hadi masikioni. Mercyline alikuwa amemvika sweta yake mabegani, sweta ndogo ya kijani isiyofika popote. Hakuna aliyecheka.

Madam Bilha, mwalimu mkuu wetu, alitoka ofisini mbio. "Ni nini hii? Mwalimu, hukuona mtaro?"

Kabla hajajibu nilisema, "Ni mimi, Madam. Nilimwita kutoka ng'ambo, akageuka, akateleza."

Bilha alinitazama. Ananijua miaka tisa, na anajua kwamba mimi hupita lango la nyuma. "Haya," akasema. "Mpelekeni ofisini, kuna birika la maji moto."

Nilimwosha uso kwa kitambaa.

"Umenidanganyia," akasema.

"Ndiyo."

"Hata mimi nimechoka kudanganya, Madam. Hujui jinsi nilivyochoka."

Nilikumbuka kile nilichoandika kwenye fomu tarehe tano Mei. Mwalimu aliyechoka. Nilikuwa nimepatia neno, nikakosa mtu.

Alhamisi, 12 Juni

Nilipeleka uji kwa Waithera. Homa imeshuka.

Jumatatu, 16 Juni

Chuoni. Dkt. Wandera amesoma rasimu ya sura ya nne. Amepiga mstari mahali pamoja tu, mara mbili: "Mwalimu wa mkondo wa tatu huwaachia watoto wamsomee kila kitu."

"Kwa nini hufanya hivyo?" akauliza. "Ni mbinu aliyofundishwa? Ameibuni? Ana falsafa gani?"

"Siwezi kusema, Daktari."

"Hujui, au huwezi?"

"Siwezi."

Alivua miwani. Ni mtu mkali lakini si mbaya. "Bila sababu, jambo hili ni ajali tu, na ajali haiingii kwenye tasnifu. Ukishindwa kulieleza, litoe. Bakiza mikondo miwili."

Mikondo miwili bila ule wa Njenga ni mikondo miwili inayofanana. Mwaka mzima wa kazi utabaki bila jambo la kusema. Huenda nikaanza upya mahali pengine, mwaka mwingine. Nilitoka nikasimama chini ya paa la maktaba nikingojea mvua ipungue, na nikagundua kwamba nimeshaamua, na kwamba uamuzi huo hauniumi kama nilivyodhani.

Jumanne, 17 Juni

Nilimwambia Njenga baada ya kipindi, watoto wakiwa nje. Nilidhani nampelekea habari njema.

"Nimelitoa darasa lako. Hakuna atakayelisoma popote. Uko salama."

Aligeuza uso dirishani.

"Umewatoa wote?"

"Siwezi kuwaeleza bila kukueleza wewe."

"Mercyline alikuja kwangu Gredi ya Kwanza hajui a, nami nimepanda nao hadi Tatu. Wechuli alikuwa anaogopa kitabu kama nyoka. Nimefundisha miaka thelathini na mbili, Rehma, mingi kwa macho mazima, na sijawahi kupata darasa kama hili. Ndiyo kazi pekee nzuri niliyoifanya." Hakuniita Madam. "Na wewe unasema utaandika kana kwamba hawakuwahi kusoma?"

Nilikuwa nimemlinda yeye, nikawasahau watoto. Yeye alikuwa anawafikiria watoto.

Alhamisi, 19 Juni

Hakuna mvua leo, siku ya kwanza bila mvua tangu tufungue. Njenga hakuongea na mtu.

Ijumaa, 20 Juni

Saa moja asubuhi simu yangu ililia. Alikuwa Waithera, ambaye humwita mumewe kwa jina la binti yao. "Mwalimu, Baba Sheila anasema kama una ruhusa leo, twende kliniki. Anasema wewe utajua kuuliza maswali."

Niliomba ruhusa. Tuliketi watatu kwenye benchi, yeye katikati. Daktari ni msichana mdogo, anaweza kuwa wa rika la Sheila. Alipima, akapima tena. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia limebaki na kijia chembamba cha kuonea. Matone asubuhi na jioni, bila kukosa, na hicho kijia kinaweza kudumu miaka mingi.

"Ningekuja mapema ningeona zaidi?" Njenga aliuliza.

Daktari hakumdanganya. "Ndiyo, Mzee."

Waithera aliinama, akalia ndani ya leso yake. Njenga alimpapasa mgongo, huku na huku, kama anayembembeleza mtoto mchanga. "Mama Sheila, kilichobaki kinatosha kukuona wewe. Wewe ni mnene mno, hupotei."

Waithera alimpiga kibao cha begani, mbele ya daktari. Tulicheka wote wanne.

Jumanne, 24 Juni

Leo alikwenda kwa Madam Bilha na barua ya daktari mkononi, akaniomba niingie naye. Bilha aliisoma mara mbili.

"Mwalimu, nilijua kuna kitu. Ule mtaro haukunidanganya, wala huyu hapa." Akaninyooshea kidole. "Sasa nisikilize. Ukisajiliwa rasmi kama mwalimu mwenye ulemavu, hustaafu ukiwa na sitini. Ni sitini na tano. Na una haki ya msaidizi."

Njenga alishika ukingo wa meza. "Sitini na tano?"

"Sitini na tano."

"Yaani miaka minne nimejificha ili nifike sitini." Alianza kucheka, na kicheko kikamgeukia, na Bilha akainuka kufunga mlango ili walimu wasisikie.

Tulipotoka alisimama varandani. "Andika," akaniambia. "Weka jina langu, weka na macho yangu. Ila ngoja kwanza niwaambie wenyewe. Wasije wakalisoma kwenye kitabu chako."

Ijumaa, 27 Juni

Nilikaa mahali pangu pa nyuma. Waithera alikuwa mlangoni, kapu la njegere mkononi, hakutaka kuingia. Njenga alisimama mbele yao. Alikuwa amevaa tai.

"Leo msinisomee kwanza. Leo mimi ndiye nitakayesema. Watoto wangu, macho yangu yanaumwa. Hili la kushoto halioni kabisa. Hili jingine linaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la kufuli. Nimewaficha tangu mlipokuwa Gredi ya Kwanza. Mwalimu hapaswi kuwaficha watoto wake, na ninaomba msamaha."

Nje mtu alikuwa anafyeka nyasi. Nilimwona Mercyline akimtazama Wechuli, na Wechuli akimtazama aliye mbele yake, mpaka kutazamana huko kukapita darasa zima.

Mercyline aliinua mkono, kisha akaushusha, akasema, "Mwalimu, ni mimi Mercyline. Tunajua."

"Mnajua nini?"

"Kwamba huoni."

Njenga alitafuta kiti nyuma yake, akaketi. "Tangu lini?"

"Tangu Gredi ya Pili. Wechuli alikupa karatasi hajachora kitu, ukasema ng'ombe wake ni mzuri."

"Na hamkuniambia?"

Safari hii Wechuli ndiye aliyejibu, na sauti yake ilitoka nyembamba.

"Tulidhani wewe hujui, Mwalimu. Hatukutaka uhuzunike."

Mlangoni Waithera aliweka kapu chini. Njenga alifunika uso kwa viganja vyote viwili. Hakuna mtoto aliyesogea, na mimi nilishika kalamu bila kuandika herufi hata moja. Kisha alitoa kitambaa mfukoni, akapenga kamasi kwa nguvu, akaunyoosha mgongo wake kitini.

"Haya," akasema. "Tulikuwa ukurasa wa ngapi?"

"Arobaini na mbili!" darasa zima likajibu, na kurasa zikaanza kufunguliwa.